Chuma hakubishiwa hodi

Siku ya nne toka mbwa mgeni aingie, mbwa wangu Chuma hakula. Nimemwekea dona lake na vichwa vya kibua, chakula ambacho miaka yote nane sijawahi kukiona kinalala kwenye bakuli, akanusa tu akaondoka akaenda kujilaza kule getini, uso kaugeuzia barabarani na mgongo kautupia nyumbani. Mie nikakaa barazani nikalia, nasema ukweli, maana nilijua aliyemfikisha pale ni mimi na sikujua nianzie wapi kutengeneza.

Naandika haya kwa sababu toka nichukue mbwa wa pili watu wananiuliza sana nimefanyaje mpaka wakatulia, na karibu kila anayeuliza yupo pale pale nilipokuwa mie, mbwa wa zamani kanuna, mgeni kajificha, nyumba nzima haina raha. Ntaeleza yote. Na nilipokosea ntapaeleza kwa kirefu zaidi kwa sababu ndipo nilipojifunza.

Tunakaa Sahare, hapa Tanga mjini, mie na kijana wangu wa darasa la sita. Chuma kaja kwetu ana miezi miwili, mbwa wa kienyeji wa rangi ya udongo, sikio moja linasimama jingine limelala, na tangu hapo ua huu ni wake. Anajua saa ya mimi kurudi kazini, anajua mlio wa bodaboda ya mdogo wangu akiwa bado kule njia kuu, anajua nani anapita kila siku na nani ni mara yake ya kwanza. Analala barazani kwenye gunia lake, upande wa kushoto wa mlango, hajawahi kulala upande mwingine. Naomba mkumbuke hilo gunia, ntarudi kwake.

Mwisho wa mwezi wa kwanza nilikuwa natoka Muheza kusalimia ndugu. Gari ikasimama kushusha abiria kabla ya Pongwe, upande mmoja ni mashamba ya mkonge, nikamwona mbwa jike kakaa chini ya mti pembeni ya barabara na shingoni ana kamba ya katani imekaza mpaka imeingia kwenye ngozi. Alikuwa mbavu tupu. Abiria wenzangu wakamwangalia wakaendelea na mazungumzo yao na mie nikajikuta nimeshashuka, begi mkononi. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo akaniazima kisu nikaikata ile kamba polepole, mbwa akitetemeka tu, hakujaribu hata kuning'ata. Baada ya hapo ningemwacha vipi? Nikatafuta bajaji, nikaongeza hela maana dereva hakutaka, nikamfunga kwenye khanga tukaja naye mpaka nyumbani.

Jina nikampa Katani. Kwanza kwa ajili ya ile kamba, halafu kuna jambo jingine, sisi wa Tanga tunajua mkonge wenyewe ulikuja mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida kule Marekani, njiani ikafa karibu yote, iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na leo mtu ukimtajia Tanga anakujibu mkonge. Nikasema huyu naye kafika nusu mfu, atashika mizizi.

Sasa nilivyomwingiza ndani ndiyo kosa lenyewe.

Tulifika jioni, saa ya Chuma kula. Bajaji ikasimama getini, nikafungua geti, nikaingia na mbwa mgeni mikononi, nikapita naye mbele ya Chuma moja kwa moja mpaka barazani, nikamweka chini, wapi, kwenye lile gunia. Kwa sababu ndiyo sehemu laini iliyokuwa karibu. Na maji nikampa kwenye bakuli la Chuma. Yaani kila nikikumbuka roho inaniuma. Ndani ya dakika tano nilikuwa nimechukua mahali pake pa kulala, chombo chake, saa yake ya kula na mikono yangu, vyote kwa pamoja, nikampa mtu asiyemjua.

Chuma akasimama mbali kidogo, mkia juu umekakamaa, manyoya ya mgongoni yote yamesimama, akaanza kunguruma. Na mie nikavua ndala nikampiga. "We Chuma! Acha roho mbaya!" Akanyamaza. Nikaona nimemfundisha adabu.

Siku ya pili akanguruma tena, nikampiga tena. Siku ya tatu hakunguruma kabisa, nikafurahi, nikamwambia kijana wangu unaona, keshazoea. Jioni ile Katani akapita karibu na mlango, hakuna aliyemsikia Chuma akitoa hata sauti, tulichosikia ni ukelele wa Katani. Alimrukia bila onyo lolote, akamchana sikio, na mie kwa akili ya papo kwa papo nikaingiza mkono katikati kuwaachanisha nikapata jeraha la jino kwenye kiganja, sijui meno ya nani mpaka leo.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu jambo hili ni la kufa na kupona. Chuma nimemchanja kichaa cha mbwa kila mwaka. Katani sikujua katoka wapi wala kama kawahi kuchanjwa, na ule ugonjwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Nilikimbilia bombani nikaosha kile kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, nikiangalia saa, kisha nikaenda hospitali usiku ule ule nikaanza sindano na nikarudi tarehe zote walizonipangia bila kuruka hata moja. Usiseme kidonda ni kidogo. Usipake kahawa wala majivu. Osha, nenda. Na mbwa wakishikana usiingize mkono, mwagia ndoo ya maji, gonga sufuria kwa mfuniko wake mpaka washtuke, ingiza kipande cha bati au ubao katikati yao, chochote isipokuwa mkono wako.

Kesho yake ndiyo ile siku Chuma kakataa kula.

Jirani yetu ni bibi mmoja wa makamo ya mama yangu mzazi, nyumba yake na yetu zimetengwa na michongoma. Yeye ni mtu wa swala tano, mbwa hamgusi, mate ya mbwa yakimpata inabidi aoshe mara saba na mojawapo kwa udongo, na mie hilo naliheshimu sana, Chuma hajawahi kuvuka kwake hata siku moja. Lakini huyu bibi ndiye aliyemlisha Chuma vichwa vya samaki miaka yote, anaweka kwenye kopo anapitisha chini ya michongoma na kijiti. Na kwa vile anakaa nje kutwa anaona mambo mengi kuliko mie ninayeshinda kazini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Nikamweleza yote, Chuma ana wivu, kawa mkorofi, kamng'ata mwenzie, sasa kagoma kula. Akanisikiliza mpaka mwisho, anachambua mchicha wake taratibu. Akaniuliza, "Huyo mwenye nyumba, hodi kabishiwa na nani?"

Sikuelewa. Akasema, "Mie hapa mkwe wangu akija bila kunipa habari nakasirika, naye ni mtu, ana mdomo wa kusema samahani mama. Wewe umemwingiza mgeni mpaka kitandani kwa mwenyewe, mwenyewe kauliza huyu nani, ukampiga kofi. Akuulize nini tena?"

Sikuwa na la kumjibu. Tumezoea kusema mgeni njoo mwenyeji apone, na mie mwenyeji wangu ndiye niliyemuumiza.

Siku hiyo hiyo nikampeleka Katani kwa daktari wa mifugo. Sikio likashonwa, kidonda cha shingoni kikasafishwa, na daktari akasema kitu kilichonisaidia kuliko dawa, kwamba hata kama wangependana siku ya kwanza bado ilikuwa lazima niwatenge wiki mbili. Mbwa uliyemwokota barabarani anaweza kuja na kupe, viroboto, minyoo, upele wa kunyonyoa manyoya, anaweza kuwa na pavo ile ya kuharisha damu au distempa ile ya makamasi na degedege na bado hajaonyesha. Wote wawili wakapewa dawa ya minyoo, Katani akachanjwa, Chuma akaongezewa chanjo, na wote wakapewa dawa ya kupe maana huku pwani kupe hawana msimu. Dawa hiyo ipimwe na daktari jamani, kuna watu wanachukua ile ya kuogeshea ng'ombe wanamwagia mbwa kwa kukisia, mbwa anakufa.

Kwa hiyo Katani nikamhamishia uani kwenye banda la kuku lililokuwa tupu, tukalisafisha, tukaweka majani makavu na maboksi, tukaegesha bati mlangoni wasionane. Na nikaanza upya, safari hii nikiwa na lile neno la bibi kichwani. Hodi.

Hodi ya mbwa ni harufu. Pua zao zinafanya kazi ambayo sisi hatuwezi hata kuifikiria, mbwa akinusa kitambaa anajua huyu ni dume au jike, anaumwa, anaogopa, kala nini. Nikachana khanga kuukuu vipande viwili, kimoja nikamfuta nacho Katani mgongoni na mashavuni nikakiweka hatua kadhaa mbali na bakuli la Chuma, sio karibu, mbali, anakula huku harufu inamfikia kidogo kidogo. Cha Chuma nikakipeleka bandani. Kila siku nafuta upya, kila siku nasogeza kidogo. Siku ya kwanza Chuma alikinusa akakojoa pembeni yake. Siku ya tano alikula huku kitambaa kipo jirani na bakuli, hakukiangalia hata.

Halafu nikaanza kuwalisha huku na huku ya bati. Wanasikiana wanavyotafuna lakini hawaonani. Tulianza Chuma yupo kule kona ya jikoni na Katani bandani, tukaendelea kusogeza mabakuli, na sheria niliyojiwekea ni moja, Chuma akiacha kula akanyanyua kichwa akakaza shingo ujue nimesogeza haraka, narudi nyuma kesho yake. Kuna siku mbili nilirudi nyuma. Sio hasara.

Baada ya zile wiki mbili ndiyo wakaonana, na hawakuonana nyumbani. Hili nalisisitiza. Nyumbani ni kwa Chuma, hapo analinda, ndiyo kazi aliyofanya maisha yake yote na tumemsifia nayo, sasa utamlaumu vipi kwa kulinda? Unawakutanisha mahali ambapo hakuna mwenye napo. Sisi tulikwenda pwani. Siku za bamvua, zile za mwezi mchanga na mwezi mpevu, hapa kwetu saa tatu saa nne asubuhi maji yanakuwa yamepwa mbali, ufukwe unafunguka mpana mpaka kule kwenye mikoko, hakuna bakuli wala gunia wala geti la kugombania. Tulichagua Jumamosi, na njia tuliyopita tuliichagua pia, sio ile ya msikitini, sitaki mtu anayekwenda kuswali apatwe na najisi kwa ajili ya mbwa wangu. Ukikaa na majirani vizuri na mbwa wako atakaa vizuri.

Mdogo wangu alimshika Katani, mie nikamshika Chuma, kila mbwa na kamba yake ndefu. Tukatembea upande mmoja, wote tunaelekea mbele, kati yetu hatua kama 30. Sio kukutana uso kwa uso. Mbwa wawili wakisukumwa uso kwa uso kamba zikiwa zimevutwa wanaona ni vita, lakini wakitembea sambamba wana kazi nyingine ya kufanya, kuna kaa wa kuangalia, kuna mwani wa kunusa, huyu mwingine anakuwa tu yupo. Na kamba iwe legevu. Ukiikaza kwa woga wako mbwa anaupata woga wako mkono kwa shingo, anajua kuna hatari hata kama haipo.

Mwanzo Chuma alimkodolea macho, mwili mgumu kama ubao. Nikawa kila akimwangalia Katani nampa dagaa mmoja. Akiangalia, dagaa. Akiangalia, dagaa. Mfukoni nilikuwa na dagaa wakavu robo kilo na sketi ilinuka wiki nzima lakini baada ya kama nusu saa nikaona jambo, Chuma akimwona Katani anageuka kuniangalia mie, kama anasema huyo kaonekana, dagaa yuko wapi. Pale pale nikajua tumepata njia.

Tukaenda hivyo mara nyingi, siku za katikati ya wiki ambazo siwezi kwenda pwani tulitumia kiwanja cha mpira kabla watoto hawajatoka shule. Hatua 30 zikawa 20, zikawa 10, mpaka siku mdogo wangu akatangulia na Katani na Chuma akapita nyuma yao akinusa walipokanyaga. Siku hiyo tukawaacha wazunguke. Mbwa wenye adabu hawaendi moja kwa moja puani, wanapinda njia, mmoja anamnusa mwenzie nyuma. Tukahesabu moja mbili tatu tukawaita, wakaja, dagaa, tukawaacha tena. Fupi fupi. Ukiwaacha wakanusana muda mrefu siku ya kwanza mmoja anachoka na uvumilivu unakwisha ghafla.

Na ukiwa pale angalia mwili wa mbwa wako wala usiangalie simu. Akipiga miayo na sio usingizi, akilamba pua bila chakula, akigeuza uso pembeni, anaomba nafasi, mpe. Akiinama mbele makalio juu anataka mchezo. Akiganda akaacha kupumua kwa mdomo wazi, mwite haraka muondoke kwa upole. Na mkia kutikisika peke yake sio dalili ya furaha, mkia uliosimama juu unatikisika kwa kasi umekakamaa nilishauona na matokeo yake nilishayaona.

Sasa niseme la kunguruma, kwa sababu hili ndilo linaloniuma zaidi na ndilo naona karibu kila nyumba wanakosea kama nilivyokosea mie.

Mbwa kunguruma ni kusema. Ana hatua zake, anaanza kukaza mwili, anakodoa, anainua mdomo meno yaonekane, ananguruma, anang'ata hewani bila kugusa, na yote hayo anafanya ili asifike kwenye kung'ata. Kila hatua anamwambia mwenzie tafadhali sogea. Mie nilipompiga Chuma kwa kunguruma sikumwondolea hasira wala woga, nilimziba mdomo tu. Yale aliyokuwa nayo moyoni akabaki nayo, na njia ya kuyasema nikaifunga, ikabaki meno. Tena nilimwongezea sababu ya kumchukia Katani, maana toka huyu kaja napigwa. Mbwa hajui umempiga kwa ajili ya sauti, anachojua ni kwamba yule jike akionekana maumivu yanakuja.

Ilichukua muda Chuma kunguruma tena. Siku aliyonguruma nilishukuru, mtu angeniona angenishangaa. Ilikuwa wiki ya tano, Katani keshaanza kuingia uani tukiwepo, akalisogelea lile gunia, na Chuma akatoa ule mngurumo wa chini, mfupi. Sikupiga kelele. Nikamwita Katani kwa sauti ya kawaida, akaja, nikampa dagaa, Chuma akarudisha kichwa chini. Kwisha. Kasema hapa ni pangu, mwenzie kasikia, mie nimetilia mkazo. Baada ya mara kama tano sita hivyo Katani mwenyewe akawa hakaribii gunia, anapita mbali, na Chuma akawa hana haja ya kusema.

Watu walinishauri mengi wakati ule. Kuna aliyesema waache wapigane wamalizane, mshindi atajulikana. Hapana. Wakipigana wanajifunza kupigana, na sikio lililochanika la Katani halikumfundisha chochote isipokuwa woga. Kuna aliyesema mfunge Chuma mnyororo huyu mgeni atembee azoee. Hiyo ni mbaya zaidi, mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia, na asiyeweza kukimbia lazima apigane, halafu unamfunga mwenyeji mgeni akiwa huru, Chuma angeelewa nini hapo? Kama lazima mtu awe na mipaka ni mgeni, na yeye pia kwa muda na kwa upole.

Nyumbani tukapanga hivi. Mabakuli mawili ya chakula, kila moja kona yake, hawaonani wakila. Maji pia sehemu mbili. Mifupa ya ng'ombe nikaisitisha kabisa miezi mitatu, hakuna kitu kinacholeta ugomvi kama mfupa, na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe mbwa yeyote wakati wowote, inavunjika vipande vikali inamchoma tumboni. Tukitoka wote nyumbani Katani alirudi bandani na bati likafungwa, sikuwaacha peke yao hata kwa kwenda dukani mpaka mwezi wa tatu toka Katani aje.

Na saa moja ya jioni ikawa ya Chuma. Mie na yeye tu barazani, namtoa kupe masikioni, namkuna kifua, namwambia yaliyotokea kazini. Kijana wangu anakuwa na Katani uani muda huo. Hii nilianza siku ile ile baada ya maneno ya bibi na sijaiacha mpaka leo.

Kuhusu joto la jike kutaka dume niseme haraka, Katani alipoingia joto madume ya mtaa mzima yakalala getini kwetu na usiku haukulalika. Chuma alikuwa hajahasiwa. Tukawatenga tena wiki tatu, kisha daktari akamfunga Katani kizazi na Chuma akahasiwa. Dume na jike mara nyingi wanapatana kirahisi kuliko jinsia moja lakini bila hilo ungekuwa na watoto sita barazani ndani ya siku 63 au karibu na hapo.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa siku ya tatu bado hajajua hata maji yapo wapi. Wanaofuga wana hesabu yao ya tatu tatu, siku tatu za kwanza mgeni anaogopa, wiki tatu anaanza kujua ratiba ya nyumba, miezi mitatu ndiyo anaona hapa ni kwake. Kwangu imekwenda karibu hivyo hivyo, ila nawaambia hesabu hiyo ni ya mgeni. Mwenyeji ana hesabu yake na yeye haianzi mpaka umemaliza kumkosea.

Wiki iliyopita masika yalikuwa yamechachamaa, mvua toka alfajiri, uani maji yamesimama na banda linavuja. Nipo dirishani nikamwona Katani anakuja mbio chini ya mvua mpaka kwenye ngazi ya baraza, akasimama. Hakupanda. Akamwangalia Chuma, akageuza uso pembeni, akalamba pua, akasubiri huku maji yanamchuruzika. Chuma kalala kwenye gunia lake. Akanyanyua kichwa akamtazama kwa muda mrefu, nikawa nimeshika komeo la mlango, tayari. Akashusha kichwa, akapumua kwa nguvu vile anavyofanyaga akichoka, akalala tena. Katani akapanda, akajilaza upande wa kulia wa mlango, kwenye sementi tupu, mbali na gunia kiasi cha hatua mbili, akajikunja.

Mvua ilipokatika nikatoka na gunia la pili, nikamtandikia pale pale kulia. Na jioni wakati nafagia maji nikasikia kijiti kinakwaruza chini ya michongoma, nikaenda, bibi kaleta vichwa vya kibua kama kawaida yake. Makopo yalikuwa mawili.